Nafasi ya Jiografia na Historia katika Uundaji wa Utambulisho wa Bara la Afrika

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna jiografia na historia zinavyoshirikiana katika kuunda utambulisho wa bara la Afrika. Katika mijadala ya kitaaluma zimekuwapo kambi mbili. Ya kwanza huliona bara kuwa ni zao la ardhi, bahari na tabianchi; ya pili huliona kuwa ni wazo lililobuniwa na wageni na hatimaye kurithiwa na wenyeji. Kwa kutumia mifano ya jangwa la Sahara, pwani ya Afrika Mashariki, Mlima Kilimanjaro, mipaka ya kikoloni, visiwa vya Bahari ya Hindi na uanachama katika vyombo vya bara, makala inadai kwamba hakuna kambi inayojitosheleza. Jiografia huweka mambo yanayowezekana. Historia huonesha lipi kati ya hayo lilitumika na lilipewa maana gani. Na utambulisho huthibitishwa kwa maamuzi ya watu na taasisi zao. Suala hili si la istilahi pekee, kwa kuwa kila fasili ya Mwafrika inayotumika huwaingiza watu fulani katika haki na kuwatoa wengine.

1.0 Utangulizi

Bara la Afrika lina eneo la takribani kilomita za mraba milioni 30 na nchi 54 zilizo wanachama wa Umoja wa Mataifa. Umoja wa Afrika, kwa upande wake, una wanachama 55. Tofauti hiyo ya mwanachama mmoja inatokana na Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara, inayotambuliwa na chombo kimoja na kutotambuliwa na kingine. Hivyo basi, hata swali linaloonekana kuwa jepesi, yaani Afrika ina nchi ngapi, halijibiwi kwa kutazama ramani ya ardhi peke yake. Hulazimu kuuliza pia ni nani anayehesabu, na kwa kigezo gani.

Jina lenyewe la bara linadhihirisha ugumu huo. Baada ya kuiangamiza Karthago mwaka 146 kabla ya Kristo, Warumi waliunda jimbo waliloliita Africa katika eneo ambalo kwa sehemu kubwa ni Tunisia ya leo. Waarabu waliofika karne nyingi baadaye waliliita eneo hilohilo na viunga vyake Ifriqiya. Kwa karne kadhaa, basi, jina hili lilihusu ukanda mwembamba wa kaskazini. Ndipo lilipopanuka kidogo kidogo hadi kulifunika bara zima. Inashangaza kwamba leo sehemu inayotiliwa shaka mara nyingi kuhusu Uafrika wake ni hiyo hiyo ya kaskazini, yaani mahali ambapo jina lilizaliwa. Jina limehama; ardhi haikuhama. Kilichotokea kati ya hayo mawili ndicho kiini cha makala hii.

2.0 Misimamo Miwili na Mipaka Yake

Msimamo wa kwanza hulichukulia bara kuwa kitu cha maumbile. Kwa mtazamo huu, Afrika ni nchi kavu kubwa iliyozungukwa na Bahari ya Kati, Bahari ya Shamu, Bahari ya Hindi na Bahari ya Atlantiki, na tabia za watu wake zinaelezwa na mazingira yao. Mwanafalsafa wa Kijerumani G. W. F. Hegel, katika mihadhara yake ya karne ya 19 kuhusu falsafa ya historia, aliligawa bara katika sehemu tatu: Afrika aliyoiita halisi, iliyo kusini mwa Sahara, Afrika ya kaskazini, aliyoiunganisha na Ulaya, na bonde la Nile, aliloliunganisha na Asia. Sehemu ya kwanza aliiweka nje ya historia. Hapa jiografia ilitumika kama hukumu: mahali pa mtu pakawa ushahidi wa uwezo wake wa kufikiri.

Msimamo wa pili ulijitokeza kama jibu kwa dhana za namna hiyo. V. Y. Mudimbe (1988) alionesha jinsi maarifa kuhusu Afrika yalivyoundwa na wasafiri, wamishonari na wanaanthropolojia wa Magharibi, kiasi kwamba hata Mwafrika anayejitetea hulazimika kutumia msamiati uliotungwa na wengine. Ali Mazrui (1986) naye alieleza utambulisho wa Afrika kuwa ni makutano ya mirathi mitatu: ule wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Mazrui alikwenda mbali zaidi na kuhoji kwa nini Bahari ya Shamu ikubaliwe kuwa mpaka, ilhali bahari hiyo ilitokana na kupasuka kwa ardhi iliyoanza takribani miaka milioni 30 iliyopita, na watu wa pande zake mbili wamekuwa wakibadilishana lugha, dini na nasaba kwa maelfu ya miaka.

Nguvu ya msimamo wa pili ni kwamba unafichua mamlaka yaliyojificha nyuma ya ramani. Udhaifu wake ni kwamba ukisukumwa hadi mwisho unaifanya ardhi kuwa karatasi tupu, ambayo kila mtawala anaweza kuiandika apendavyo. Ukweli ni kwamba jangwa, upepo na maporomoko ya maji havikubuniwa na mtu. Kwa sababu hiyo, sehemu zinazofuata zinatazama mahali ambapo maumbile na matukio yamekutana.

3.0 Sahara na Pwani Zake

Sahara ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba milioni 9. Kwa maneno mepesi, ni chini kidogo ya theluthi moja ya Afrika. Katika matumizi ya kawaida ya leo, jangwa hili huchukuliwa kuwa ukuta. Mashirika ya kimataifa huzungumzia Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara upande mmoja, na Mashariki ya Kati pamoja na Afrika Kaskazini upande wa pili. Katika mgawanyo wa kanda za Shirika la Afya Duniani, Aljeria imo katika kanda ya Afrika, lakini majirani zake Moroko, Tunisia na Libya wamo katika kanda ya Mashariki ya Mediterania. Nchi nne zenye jangwa moja, dini moja na lugha zinazofanana zimetenganishwa na mstari usiotokana na jangwa wala na dini.

Historia ya Sahara inapinga taswira ya ukuta. Kati ya takribani miaka 11,000 na 5,000 iliyopita eneo kubwa la jangwa hilo lilikuwa na mvua, maziwa na mbuga. Michoro ya miambani ya Tassili n'Ajjer nchini Aljeria inaonesha viboko na makundi ya ng'ombe mahali ambapo leo ni mawe na mchanga. Kadiri ardhi ilivyokauka, watu walisogea kaskazini, kusini na mashariki kuelekea Nile. Jamii zilizo pande mbili za jangwa haziwezi, kwa hiyo, kuchukuliwa kuwa hazikuwahi kujuana; baadhi ya mababu wao waliishi mahali pamoja.

Hata baada ya kukauka, Sahara haikufunga njia. Matumizi ya ngamia yaliiwezesha misafara kubeba chumvi kutoka Taghaza kwenda kusini, na dhahabu, nguo na vitabu vikapita kati ya Timbuktu, Gao, Fez na Kairo. Mwaka 1324 Mansa Musa wa Mali alipita Kairo akielekea Hija. Mwaka 1352 Ibn Battuta wa Tanja aliivuka Sahara kwenda Mali, akiwa ameshafika Kilwa mwaka 1331 kwa njia ya bahari. Msafiri mmoja, katika uhai mmoja, aliziona pwani mbili za bara kuwa sehemu za ulimwengu mmoja unaofikika.

Neno pwani halitumiki hapa kwa mfano tu. Jina Saheli, linalotaja ukanda ulio kusini mwa Sahara, linatokana na neno la Kiarabu sahil, lenye maana ya ufuko au ukingo. Wingi wake ni sawahil, na kutokana na wingi huo ndipo lilipopatikana jina Swahili. Kwa wasafiri waliozitaja nchi hizi, jangwa lilikuwa bahari, na miji iliyo kandokando yake ilikuwa bandari. Msaheli na Mswahili wamepewa jina moja kwa sababu moja: wote wawili wanaishi ukingoni mwa kitu kikubwa kinachovukwa.

Haifai, hata hivyo, kuipamba historia hiyo. Njia zilizopitisha vitabu ndizo zilizopitisha watumwa, na mwaka 1591 jeshi la Moroko lilivuka jangwa na kuliangusha dola la Songhai. Kuvukika kwa jangwa hakukumaanisha udugu. Kilichothibitishwa ni jambo dogo zaidi lakini la msingi: Sahara kama mpaka wa utambulisho si matokeo ya lazima ya mchanga. Ni tafsiri mojawapo ya mchanga huo, na ilipata nguvu pale biashara ya bahari ya Atlantiki na baadaye utawala wa kikoloni vilipoidhoofisha misafara.

4.0 Pepo, Mito na Kuwa Mbali na Bahari

Katika pwani ya mashariki, jiografia ilifanya kazi kwa utaratibu wa kalenda. Upepo wa kaskazi, unaovuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, ulivileta vyombo kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Upepo wa kusi, unaoanza Aprili, ulivirudisha. Kwa kuwa hakuna chombo cha tanga kilichoweza kurejea kabla ya upepo kugeuka, mabaharia walilazimika kukaa miezi kadhaa. Katika kungoja huko walioa, walijenga, waliabudu na kujifunza lugha ya wenyeji. Hivyo miji ya Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa ilikua kwa biashara na pia kwa subira iliyolazimishwa na hewa. Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu katika sarufi yake na chenye msamiati mwingi uliotokana na Kiarabu, kinabeba alama ya ukaaji huo.

Ndani ya bara hali ilikuwa tofauti. Sehemu kubwa ya Afrika ni nyanda za juu zinazoshuka ghafla karibu na bahari, na kwa sababu hiyo mito mikubwa huporomoka kabla ya kufika mwishoni. Mto Kongo una maporomoko mfululizo kati ya Kinshasa na Matadi, na meli hazikuweza kupanda kutoka Atlantiki. Ilibidi reli ijengwe, nayo ikakamilika mwaka 1898. Nile ina maporomoko sita makuu kati ya Khartoum na Aswan. Ukweli huu wa maumbile unasaidia kueleza kwa nini wageni waliotawala biashara ya pwani kwa muda mrefu walichelewa kuingia bara, na kwa nini walipoingia walijenga reli za kutoa mali nje kuliko za kuunganisha mji na mji.

Hata hivyo, hali ya nchi kutokuwa na bahari, inayotajwa mara nyingi kuwa laana ya kijiografia, kwa kiasi kikubwa ni tukio la kihistoria. Nchi 16 za Afrika hazina pwani. Hakuna kati yake iliyokuwa na hali hiyo kabla ya mpaka kuchorwa, kwa sababu kukosa bahari ni sifa ya dola, si ya ardhi. Ethiopia inatoa mfano wa wazi. Hadi mwaka 1993 ilikuwa na bandari za Massawa na Assab. Eritrea ilipopata uhuru mwaka huo, Ethiopia ikawa nchi isiyo na bahari. Milima haikusogea hata hatua moja.

5.0 Mipaka ya Berlin na Uamuzi wa Kairo

Mkutano wa Berlin ulifanyika kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, bila mwakilishi hata mmoja wa Afrika. Si kweli kwamba mipaka yote ilichorwa mezani hapo. Mingi ilitokana na mikataba ya baadaye baina ya mataifa mawili mawili. Berlin iliweka kanuni, na kanuni hizo ziliharakisha kugawana.

Mojawapo ya mikataba iliyofuata ni ule wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886. Mstari uliokubaliwa ulianzia pwani karibu na mlango wa Mto Umba, ukaelekea Ziwa Viktoria, na njiani ukapinda ili kuuacha Mlima Kilimanjaro upande wa Wajerumani. Simulizi maarufu kwamba malkia alimzawadia mjukuu wake mlima haina ushahidi. Kilichokuwapo ni mashindano ya mikataba na maslahi. Matokeo yake ni kwamba Wamasai waligawanywa katika makoloni mawili na hatimaye katika nchi mbili.

Mlima huohuo unaonesha namna historia inavyoweza kuipa jiografia maana mpya zaidi ya mara moja. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni na kukiita kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika na Mwenge wa Uhuru viliwekwa kwenye kilele hicho, na kikaitwa Uhuru. Urefu wake, mita 5,895, haukuongezeka. Lakini jiwe lililokuwa alama ya milki limekuwa alama ya kujitawala, na alama hiyo inaeleweka hata na mtu ambaye hajawahi kuuona mlima wenyewe.

Uhuru ulileta swali gumu: je, mipaka iliyowekwa na wakoloni ifutwe? Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963 na nchi 32. Mwezi Julai 1964, katika mkutano wa Kairo, wakuu wa nchi walipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolitetea. Somalia na Moroko, kwa sababu zao tofauti, hazikulikubali. Hoja ya watetezi haikuwa kwamba mipaka hiyo ni ya haki, bali kwamba kuifungua kungeleta vita visivyo na mwisho.

Azimio la Kairo ni hatua muhimu katika historia ya utambulisho wa Afrika kwa sababu lilibadilisha asili ya mipaka. Kabla yake mipaka ilikuwa jambo Waafrika walilotendewa. Baada yake ikawa jambo walilolichagua, ingawa kwa shingo upande. Uchaguzi huo ulikuwa na gharama. Vita vya Ogaden vya mwaka 1977 hadi 1978 vilitokana na Wasomali kugawanywa katika nchi kadhaa. Tanzania yenyewe, iliyotetea azimio, iliitambua Biafra mwezi Aprili 1968, kwa hoja kwamba umoja wa dola hauna maana ikiwa watu waliomo hawana usalama. Mgongano huu haupaswi kusomwa kama unafiki. Unaonesha kuwa chini ya kanuni ya mipaka kulikuwa na kanuni nyingine iliyoipita: kwamba nchi ni watu wake kabla ya kuwa ardhi yake.

6.0 Aliye Ndani na Aliye Nje

Ikiwa utambulisho wa bara ungekuwa suala la ardhi tu, basi Afrika Kusini ingehesabiwa kuwa nchi ya Kiafrika wakati wote. Haikuwa hivyo. Mwaka 1957 nchi hiyo ilikuwa pamoja na Misri, Sudan na Ethiopia katika kuanzisha Shirikisho la Soka la Afrika, lakini haikucheza katika mashindano ya kwanza ya Khartoum mwaka huo kwa sababu ya sera yake ya ubaguzi wa rangi katika uteuzi wa timu. Katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika haikuingia hadi mwaka 1994. Kwa zaidi ya miaka 30 nchi iliyo ncha ya kusini ya bara ilikuwa Afrika kijiografia bila kuwa Afrika kisiasa. Kwa upande mwingine, Moroko ilijitoa katika umoja huo mwaka 1984 kwa sababu ya suala la Sahara Magharibi, na ikarejea mwaka 2017. Hakuna aliyedai kwamba katika miaka hiyo 33 Wamoroko walikuwa wamehama bara.

Kinyume chake ni watu walio nje ya ardhi ya Afrika lakini ndani ya historia yake. Mkutano wa kwanza wa Umajumui wa Afrika, uliofanyika London mwaka 1900, uliandaliwa na Henry Sylvester Williams, mzaliwa wa Trinidad. Mkutano wa Manchester wa mwaka 1945, uliohudhuriwa na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta, ulifanyika pia mbali na bara. Mfululizo huo haukufika katika ardhi ya Afrika hadi Mkutano wa Sita, Dar es Salaam, mwaka 1974. Wazo la Afrika kama kitu kimoja lilikuzwa kwanza na watoto wa waliouzwa, ambao hawakuweza tena kusema babu yao alitoka kijiji gani na hivyo wakalidai bara zima. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipitisha marekebisho ya Sheria yake Anzilishi yanayowaalika Waafrika wa ughaibuni kushiriki katika ujenzi wa umoja huo.

Visiwa vinatoa ushahidi wa aina nyingine. Kimalagasi ni lugha yenye asili ya kusini-mashariki mwa Asia, na ndugu zake wa karibu wanazungumzwa Borneo. Lakini Madagaska ilikuwa miongoni mwa waasisi wa umoja wa mwaka 1963. Réunion, iliyo mashariki ya Madagaska, ni sehemu ya Ufaransa na ya Umoja wa Ulaya. Katika Komoro mpaka huo unapita katikati ya familia. Komoro ilipojitangazia uhuru mwaka 1975, kisiwa cha Mayotte, ambacho Wakomoro hukiita Maore, kilibaki chini ya Ufaransa, na mwaka 2011 kikawa mkoa kamili wa nchi hiyo. Lugha ya visiwa vyote vinne ni ya kundi moja na Kiswahili. Tangu Ufaransa ilipoweka masharti ya viza mwaka 1995, watu wa Nzwani wanaotaka kuvuka takribani kilomita 70 kwenda kwa jamaa zao, hospitalini au kazini, huvuka wengi wao kwa boti ndogo usiku, na wengi wamezama. Hapa swali la bara lipi lianzie wapi linaacha kuwa la nadharia.

Zanzibar inatoa onyo la namna yake. Jina la chama cha Afro-Shirazi lilikusanya bara na Shiraz ya Uajemi katika neno moja, ishara kwamba watu wa visiwani walijieleza kwa nasaba zaidi ya moja bila kuona kinzani. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, maelfu waliuawa au kukimbia, wengi wao wakiwa waliohesabiwa kuwa Waarabu. Mapinduzi hayo yalikuwa na chanzo halisi katika unyonyaji wa ardhi, katika kumbukumbu ya utumwa na katika siasa iliyowanyima wengi sauti. Kuyaeleza kwa rangi peke yake ni kuyapotosha. Lakini katika siku zake za mwanzo nasaba iligeuzwa kigezo cha nani ni mwenyeji. Wengi wa waliokimbia na wazao wao wanaishi Oman, na baadhi yao wanazungumza Kiswahili hadi leo. Pepo zilizowaleta mababu zao ndizo zilizoipa pwani lugha hiyo. Historia iliwatoa, lugha ikaenda nao.

7.0 Athari kwa Dhana ya Bara

Mifano iliyojadiliwa inaruhusu hoja tatu. Kwanza, jiografia haiamui utambulisho, lakini huweka mipaka ya yanayowezekana. Bila kaskazi na kusi pasingekuwapo miji ya Waswahili kama inavyojulikana. Pili, historia huchagua na kutafsiri. Jangwa limekuwa mbuga, kisha bahari, kisha ukuta, bila kubadili mahali pake. Tatu, tafsiri hiyo huwa utambulisho pale tu inapothibitishwa na uamuzi wa pamoja: azimio, uanachama, lugha. Mwaka 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji alihutubia mkutano wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, na mwaka 2022 umoja huo ukakipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Lugha iliyozaliwa katika ukingo wa bara ikapewa nafasi ya kulisemea bara.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba ikiwa utambulisho ni uamuzi, basi hauna msingi, na wenye nguvu wataamua watakavyo. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama uamuzi ungekuwa huru kabisa. Lakini maamuzi yaliyodumu ni yale yaliyoegemea jambo lililokuwapo tayari ardhini au katika kumbukumbu za watu. Mgawo wa Hegel ulivunjwa na misafara iliyokuwa imelivuka jangwa kabla yake. Dai la utawala wa makaburu kuwa wao ni Waafrika huku wakiwanyima haki walio wengi lilikataliwa na bara zima. Ardhi na kumbukumbu haziamuru, ila zinashuhudia, na ushahidi wao ni vigumu kuupuuza kwa muda mrefu.

Aidha, kigezo cha uamuzi kinabebesha wajibu. Mwaka 2018 Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya uhuru wa watu kutembea na kuishi popote barani. Nchi zilizoiridhia ni chache mno, ilhali mkataba wa Eneo Huru la Biashara uliotiwa saini mwaka huohuo ulianza kutumika kisheria mwaka uliofuata. Kwa hali hiyo bidhaa zimetangulia kuwa za Kiafrika kabla ya watu. Mwezi Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa nchini Afrika Kusini katika mashambulizi dhidi ya wageni, wengi wa wahanga wakiwa Waafrika kutoka nchi nyingine. Katika miji ya Afrika Kaskazini, wahamiaji wanaotoka kusini mwa jangwa huitwa Waafrika na wenyeji, kana kwamba anayelitamka neno hilo anasimama kwingine. Matukio haya yanaonesha pengo kati ya utambulisho uliotangazwa na ule unaoishiwa.

8.0 Hitimisho

Makala imedhihirisha kwamba Afrika si ardhi tu na si wazo tu. Ni ardhi iliyopitiwa na matukio, na watu walioamua, wakati mwingine kwa hiari na wakati mwingine kwa kulazimika, kujitambua kwayo. Jina lilianzia kwenye jimbo dogo la Warumi na limefika hadi Karibi. Mipaka iliwekwa na wageni na ikathibitishwa na wenyeji. Mlima mmoja umebeba jina la mfalme na jina la uhuru. Kwa msingi huo, tafiti kuhusu utambulisho wa bara hazina budi kuacha kuuliza ni nani Mwafrika halisi, kwa kuwa swali hilo hutafuta kitu kisichokuwapo kabla ya historia. Swali lenye manufaa zaidi ni kwa kigezo gani mtu anahesabiwa, ni nani aliyekiweka, na ni nani anayebaki ng'ambo ya maji kwa sababu yake. Kwa wakazi wa Nzwani wanaoitazama Maore, jibu la swali hilo linapimwa kwa urefu wa usiku mmoja baharini.